Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mafunzo ya kusoma mwandiko wa zamani yalifanyika, maktaba ilipangwa upya, jarida lilitoka kwa kuchelewa. Hayo mnayajua.

Nije kwenye lililotugawa: uamuzi kwamba tarehe ya ubatizo haitaandikwa tena kama tarehe ya kuzaliwa katika miti ya ukoo inayohifadhiwa na chama. Nimeitwa dikteta. Nimeambiwa nabomoa kazi za watu. Kura ilipigwa na kamati nzima, ingawa hoja, ni kweli, niliileta mimi, na sioni cha kuombea radhi.

Chukueni madaftari ya parokia za Uingereza, ambayo wengi wenu mnayatumia. Agizo la kuyaweka lilitolewa mwaka 1538. Tangu Januari 1813 yakajazwa kwenye fomu za chapa: siku ya ubatizo, jina la mtoto, wazazi, makazi, kazi ya baba, aliyebatiza. Safu ya siku ya kuzaliwa haimo kabisa! Sasa ninyi mnaitoa wapi? Wapo makasisi waangalifu walioiandika pembeni, na hiyo tunaipokea kwa mikono miwili.

Mwenzetu mmoja alinibishia hadharani kwamba watoto watatu waliobatizwa siku moja ni mapacha. Huenda mkubwa alishaanza kuchunga kondoo. Wazazi walizoea kungoja na kubatiza kwa mkupuo, na serikali nayo ikaongeza mkanganyiko: kuanzia Oktoba 1783 hadi 1794 kila ubatizo ulioandikwa ulitozwa peni 3, mafukara wakisamehewa. Mtoto dhaifu naye hubatizwa nyumbani kwa dharura, kisha hupokelewa kanisani akipona. Ndipo mtafiti mwenye haraka huhesabu watoto wawili.

Kalenda ndiyo usiseme. Kabla ya 1752 mwaka Uingereza ulianza 25 Machi. Ndoa ya Aprili 1723 na ubatizo wa Februari 1723 havina aibu yoyote, maana Februari hiyo kwa hesabu yetu ni ya 1724. Nimeokoa heshima ya bibi za watu kwa njia hii, na wajukuu hawajanishukuru.

Mjadala huu tuliuitishia mkutano, akidi haikutimia. Waliopiga kelele zaidi baadaye hawakuwepo. Ada imelipwa na wanachama 27 kati ya 64, na wadaiwa kadhaa ni hao hao wanaodai miti yao isiguswe.

Mwaka ujao, fedha zikiruhusu, tunatarajia kuanza faharasa ya wasimamizi wa ubatizo, kwani humo hujificha mashangazi na wajomba wasioonekana kwingine. Pengine na mwongozo mdogo, akipatikana wa kuuandika.

Fomu za masahihisho ziko kwa katibu. Anayeshikilia tarehe ya kuzaliwa aambatishe ushahidi, pamoja na stakabadhi ya ada.

Mwenyekiti