Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ugonjwa Hauulizi Unafuga Nini

Ndugu wanachama,

Habari za ada na matumizi mtazipata kwa mhazini. Mimi naomba nafasi yangu niitumie kwa jambo moja lililoninyima usingizi mwaka huu: jinsi magonjwa yanavyovuka kutoka kwa mfugaji wa aina moja hadi kwa mwingine.

Tumezoea kukaa kwa mafungu. Wa kuku wana kikao chao, wa nguruwe chao, wa ng'ombe na kondoo chao. Ugonjwa ukitajwa kwenye fungu moja, mengine hayasikii. Hapo tumekosea, na kamati ninayoiongoza ndiyo iliyopanga vikao hivyo.

Tulipokuwa tukikagua mabanda, nilimkuta dereva wa gari la chakula cha mifugo akishusha magunia kwa mfugaji wa ng'ombe. Alikuwa ametoka kwa mfugaji wa nguruwe. Kinyesi kibichi kilikuwa kimejaa kwenye mifereji ya tairi na kwenye soli za buti zake, naye akapita hatua chache tu kutoka kwa ng'ombe waliokuwa wakikamuliwa. Beseni la dawa lilikuwepo mlangoni, lakini maji yake yalikuwa ya kahawia. Dawa iliyochanganyika na uchafu mwingi hupoteza nguvu, kwa hiyo buti husuguliwa kwanza, ndipo zichovywe.

Ugonjwa wa miguu na midomo ndio unaonitisha zaidi. Nguruwe mgonjwa hutoa kwa pumzi virusi vingi mno kuliko ng'ombe. Ng'ombe huambukizwa kwa kuvuta virusi vichache tu. Kondoo mara nyingi haonyeshi dalili za wazi, hivyo hupelekwa mnadani akidhaniwa mzima. Uingereza mwaka 2001 ilipitia njia hiyohiyo: ugonjwa ulianzia kwa nguruwe waliolishwa mabaki ya chakula yasiyochemshwa, ukafika kwa kondoo wa jirani, ukasambazwa na minada kabla mtu hajashtuka. Mifugo zaidi ya milioni 6 ilichinjwa.

Wafugaji wa kuku wasidhani hayawahusu. Machi 2024, Marekani ilithibitisha mafua ya ndege aina ya H5N1 kwa ng'ombe wa maziwa. Virusi vilijaa kwenye maziwa, vikapita kwenye vifaa vya kukamulia na kwa ng'ombe waliohamishwa, kisha vikarudi kwenye mashamba ya kuku. Baadhi ya paka waliokunywa maziwa mabichi walikufa.

Kwa hiyo kamati inapendekeza vikao vya mafungu viunganishwe angalau mara moja kila robo mwaka. Anayefuga aina mbili awe na buti na ovaroli tofauti kwa kila banda. Trei za mayai na sindano za chanjo zisiazimwe. Mnyama mpya atengwe kabla ya kuchanganywa na wengine.

Lililo gumu kuliko yote ni kusema. Mwaka huu mwenzetu mmoja aliona vifo bandani akanyamaza siku kadhaa, akihofia wanunuzi wangemkimbia. Namwelewa kabisa, maana sisi wenyewe tungemkwepa. Naomba mkutano huu upitishe azimio kwamba mwanachama anayetoa taarifa mapema kwa daktari wa mifugo na kwa katibu atasaidiwa na chama kupata chakula cha mifugo wakati wote banda lake likiwa chini ya karantini. Rasimu ya azimio hilo iko kwa katibu, na tutaipigia kura kabla ya kufunga mkutano.