Gari la Zamani Halichaji? Usikimbilie Kununua Betri

Wateja wengi wenye magari ya zamani hutufikia wakiwa wameshanunua betri mpya. Gari liligoma kuwaka asubuhi, betri ikabadilishwa, likawaka siku chache, likagoma tena. Betri haikuwa na kosa. Ama haikuwa inapata chaji, ama kuna kitu kilikuwa kinainyonya usiku.

Anza na multimita, kile kifaa cha kupima umeme. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Kisha washa injini na taa kubwa, kanyaga mafuta kidogo, upime tena. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5, chaji ipo. Ikibaki 12 huku inashuka, haipo. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za chaji) imeharibika na betri inachemshwa; usiliendeshe hivyo.

Chaji isipokuwepo, tazama kama umelegea mkanda unaozungusha altaneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa kuchaji betri, kisha geukia kile kitaa chekundu cha betri kwenye dashibodi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaoiamsha altaneta hupitia kwenye balbu ya kitaa hicho. Fungua swichi bila kuwasha injini: kitaa lazima kiwake. Kisipowaka, huenda balbu imeungua au waya umekatika, na altaneta nzima kabisa inakaa tu bila kuzalisha. Dalili yake ni gari lisilochaji likiwa limesimama, ila ukikanyaga mafuta sana chaji inakuja ghafla. Tumeona altaneta nzuri zikitupwa kwa sababu ya balbu ndogo, na inauma.

Kama altaneta inatoa 14.3 lakini kwenye betri zinafika 13.2, umeme unapotelea njiani. Kagua waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, unaounganisha injini na bodi. Kwa nje unaweza kuonekana mzima, ukichuna mpira ukakuta shaba imekuwa unga wa kijani. Badilisha, na usugue chuma pale unapofungwa mpaka king'ae.

Chaji ikiwa sawa na betri bado inakwisha usiku, zima kila kitu, vua waya wa kichwa hasi cha betri, kisha unganisha mita ya ampea kati ya kichwa hicho na waya huo. Ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Isiposhuka kwa fyuzi yoyote, shuku dayodi za altaneta, vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu.

Tunakuomba sana: usichomoe waya wa betri injini ikiwa inaunguruma eti unapima altaneta. Volti hupanda ghafla na kuua dayodi na regyuleta.

Ukituletea gari, njoo na vipimo ulivyopata, hata kwenye kikaratasi: injini ikiwa imezimwa, ikiwa imewashwa, na kama kitaa kiliwaka. Tutaanzia hapo.