Shukrani kwa fundi wa Ruaha Mbuyuni

Kaka, jina lako sikulipata, lakini wema wako nautangaza. Geji ya joto ya gari letu ilipanda hadi mwisho tukiwa ndiyo tunaanza mlima Kitonga, tukarudi taratibu hadi kijiweni kwako.

Vijana walitaka kufungua rejeta, yaani kile kipoza maji ya injini, papo hapo. Ukawakatalia, ukasubiri injini ipoe mpaka mpira wa juu ukashikika kwa mkono mtupu. Ukafungua koki ya chini na kukinga beseni, maana mbuzi walikuwa jirani, na kulanti, dawa ya kupoza injini, ni tamu lakini sumu. Yakatoka maji ya kutu, mazito. Ukasuuza hadi yakawa meupe.

Kisha kulanti na maji safi, nusu kwa nusu, ukimimina polepole. Hita kwenye joto la mwisho, injini inaunguruma, kifuniko wazi, nawe unaminyaminya mpira hewa itoke. Mapovu yale! Hukufunga mpaka yakome na feni iwake yenyewe.

Mafundi, hapo pa kutoa hewa ndipo wengi mnaparuka, mwigeni huyu. Alidai hela ya kulanti tu, na tulipofika Iringa mshale ulikuwa katikati.