Mjomba, sasa unaweza kuvuka Busisi bila kupanda kivuko

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia hadharani badala ya kukupigia simu, kwa sababu najua wapo wazee wengi wa Mwanza wenye asili ya Kagera ambao, kama wewe, tangu meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996 na kuchukua roho za watu zaidi ya 800, hawajakubali tena kupanda chombo cha majini, na kila wakienda nyumbani huzunguka kwa Shinyanga na Kahama. Sijawahi kukulaumu kwa hilo. Nilikuwa binti mdogo nilipokusindikiza makaburini Igoma, na nilikuona ulivyosimama pale muda mrefu bila kusema neno.

Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi limefunguliwa tangu Juni 19, 2025, na mwezi uliopita mimi na mama tumelipita mara mbili, kwenda na kurudi. Tulitoka mjini alfajiri tukapitia Usagara, na pale Kigongo, ambako zamani magari yalipanga foleni ndefu kusubiri kivuko, hatukusimama hata kidogo. Daraja lina urefu wa kilomita 3. Ghuba ya Mwanza imetandaa pande zote mbili, mitumbwi ya wavuvi inaonekana midogo kule chini, na upepo wa asubuhi unaingia dirishani ukiwa na harufu ya dagaa. Ukiona moyo unakwenda mbio, Mjomba, tazama mbele, kwani utakuwa umefika ng'ambo kabla hujamaliza kusali rozari.

Sengerema na Geita tulizipita bila kukawia. Baada ya Biharamulo barabara inageuka kuelekea kaskazini, na ukishaingia Muleba unaanza kuona migomba na mibuni imezizunguka nyumba kama ulivyokuwa ukitusimulia. Ziwa nalo hujitokeza na kupotea nyuma ya vilima, mpaka unapofika Kemondo na hatimaye Bukoba. Naomba tulale Bukoba usiku mmoja, ili asubuhi ukione kisiwa cha Musira jua linapochomoza nyuma yake. Mama alikitazama mpaka chai yake ikapoa.

Lakini safari yenyewe ninayokuombea ni ya Mtagata. Kutoka Bukoba tunapita Kyaka, kwenye Mto Kagera, ambako daraja la zamani lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 (najua una mengi ya kusema hapo, na tutasimama uyaseme), kisha tunapanda hadi Karagwe na kuingia Kyerwa. Chemchemi za Mtagata ziko bondeni, penye miti mikubwa, na maji yake hutoka ardhini yakiwa ya moto bila kuni wala makaa. Mvua huzama kwenye nyufa za miamba, hushuka chini sana ambako mawe yana joto, kisha maji hupanda tena kwa njia nyingine kabla hayajapoa. Sifa zake ni za zamani: Henry Morton Stanley alifika huko mwaka 1876 alipokuwa mgeni wa Mukama (yaani mfalme) Rumanika wa Karagwe, akakuta watu wamekuja kutafuta nafuu ya maradhi.

Siwezi kukuahidi kwamba magoti yako yatapona, na ningeona vibaya kukudanganya. Ninachoweza kusema ni kwamba mama, ambaye miguu yake unaijua, aliikanda kwa maji yale kwa muda, na jioni ile alitembea hadi kwenye gari bila kushika bega langu. Chemchemi hazilingani joto, kwa hiyo tutapima kwanza kwa mkono, na kwa kuwa una presha, hutakaa majini muda mrefu. Sabuni tutaiacha kwenye gari, maana maji yale yanatumiwa na wengi wanaokuja baada yetu.

Nimeomba likizo wiki ya kwanza ya Julai, wakati barabara za Kyerwa zitakuwa kavu. Gari lipo na dereva ni yule yule mtaratibu. Nijulishe tu utakaa wapi: kiti cha mbele, ambako utaitazama barabara, au cha nyuma upande wa kulia, ambako ziwa ndiko liliko.

Mpwa wako, Mwanza