Basilika si cheo tu

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita ilisema basilika ni hadhi ambayo kanisa hupewa na Papa. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Kabla ya kuwa cheo, basilika ilikuwa aina ya jengo, na kwa Warumi halikuwa hata jengo la dini. Ulikuwa ukumbi mrefu wa umma: hapo hakimu alisikiliza kesi, hapo wafanyabiashara walipatana bei.

Wakristo walipopata uhuru wa kuabudu mwaka 313, hawakuiga hekalu la kipagani. Hekalu lilikuwa nyumba ya sanamu. Sadaka zilichomwa nje, na umati ulibaki huko huko nje. Misa inataka watu waingie. Wakachukua ukumbi wa umma, na upande wa mwisho, alipozoea kukaa hakimu, wakaweka altare na kiti cha askofu. Hata kigango chetu cha mabati kina mpangilio huo: mlango huku, altare kule.

Anayetaka kuiona basilika ya kale aende Santa Sabina, kilima cha Aventine, Roma. Ilijengwa kati ya 422 na 432, miaka michache baada ya kabila la Wagothi kuupora mji mwaka 410. Jina la padre aliyeijenga, Petro wa Illyria, bado linasomeka kwa mozaiki, yaani vijiwe vya rangi vilivyopangwa, ndani, juu ya mlango. Nguzo zake 24 za marumaru zilitoka kwenye jengo la zamani zaidi. Paa ni la mbao, jepesi, ndiyo maana kuta nyembamba za matofali zinalimudu na bado pakawa na nafasi ya madirisha makubwa juu. Mimi niliingia asubuhi nikasahau hata kukaa.

Ila msiseme, kama mlivyoandika, kwamba makanisa haya “hayajaguswa”. Madirisha ya Santa Sabina yalizibwa kwa muda mrefu, hadi msanifu majengo Antonio Muñoz alipoyafungua kati ya 1914 na 1919. Mlango wake wa mbao wa karne ya 5 umebakiwa na vibao 18 kati ya 28. Kimoja ni kati ya picha za kale kabisa za Yesu msalabani, na msalaba wenyewe hauonekani sana.

Halafu ile picha ya Basilika ya Mtakatifu Petro, Vatikani, mliyoiweka kwenye makala: si ya basilika ya kale. Mtakatifu Petro ya leo ilianza kujengwa mwaka 1506, mahali pa basilika ya Kaisari Konstantino iliyovunjwa. Toleo lijalo tuwekeeni ya Santa Sabina, na ramani yake.

Msomaji wenu,
Morogoro