Barua ya malalamiko: laini nisiyoijua kwa namba yangu ya NIDA

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: KUFUNGWA KWA LAINI ILIYOSAJILIWA KWA NAMBA YANGU BILA RIDHAA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilisajili laini kwa wakala wenu wa mwavuli, Mbagala Rangi Tatu. Nilimtajia namba ya kitambulisho changu cha taifa (NIDA), nikaweka kidole kwenye mashine. "Imegoma, mama, weka tena." Nikaweka. "Futa jasho, jaribu kingine." Kila nikiweka anabofya simu yake, mimi naona mgongo wa simu tu. Mwishowe akanipa laini moja, nikaondoka.

Juzi nimepiga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yangu, kumbe nina laini mbili kwenu. Hiyo ya pili nikaipigia. Akapokea mwanaume, nilipojitambulisha tu, akakata.

Matumizi ya laini za namna hii mnayajua kuliko mimi. Ndizo zinazotuma ujumbe wa kitapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii", na siku polisi wakiifuatilia, jina litakalotokea ni langu.

Pamoja na hayo, kilichoniudhi zaidi ni majibu ya dukani kwenu. Dada wa kaunta alinisikiliza vizuri, sina ugomvi naye, ila utaratibu aliopewa ni kwamba laini haifungwi mpaka niilete yenyewe au nilete RB ya polisi ya kuipoteza. Laini ambayo sijawahi kuishika nitaipotezaje? Mnataka nikadanganye kituoni? Kisha nikaambiwa niandike namba yangu ya NIDA kwenye daftari lililo wazi mezani, chini ya majina ya wenzangu. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Aliyesimama nyuma yangu anasoma vyote bila hata kuinama.

Usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019 tulielezwa kuwa kidole hakiigizwi. Sawa. Lakini kumbe kinaweza kutumika mara mbili mwenyewe akiwa amekaa palepale.

Naomba laini hiyo ifungwe na nipewe uthibitisho wa maandishi. Wakala aliyeisajili atafutwe, maana usajili umepita kwenye mfumo wenu wenyewe. Na kuanzia sasa, laini mpya ikisajiliwa kwa namba ya NIDA ya mteja mliye naye tayari, mtumieni ujumbe kwenye laini yake ya zamani aikubali au aikatae kabla haijawashwa. Matangazo ya vifurushi mnanitumia asubuhi hadi usiku, kwa hiyo njia ya kunipata mnayo. Daftari la kaunta nalo liondolewe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zetu azilinde, na yule wa mwavuli anazikusanya kwa niaba yenu. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Jina langu na simu mtavikuta kwenye fomu niliyojaza dukani. Namba ya NIDA siiandiki hapa.

Wenu,
Mteja, Mbagala