Wafumaji wa Kimaya walipwe kama walimu

Mhariri,

Mimi ni mzazi Mtanzania ninayeishi Marekani, na binti yangu ni miongoni mwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda Guatemala kujifunza utamaduni wa Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Safari hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, lakini nimesikitika kuona kwamba ratiba ya chuo inamtaja mhadhiri anayeongozana nao kuwa mwalimu, huku wanawake watakaowafundisha kufuma kutwa nzima wakitajwa kuwa wenye nyumba tu.

Huko San Juan La Laguna, kando ya Ziwa Atitlán, wanawake wa Kitz'utujil, mojawapo ya jamii za Wamaya, hutia pamba rangi za mimea, kisha hufunga mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, upande mmoja kwenye nguzo na upande wa pili kwenye mkanda unaozunguka kiuno, hivi kwamba mfumaji hukaza na kulegeza nyuzi kwa mwili wake mwenyewe. Ujuzi huo binti huurithi kwa mama yake, na nakshi za blauzi iitwayo huipil zinaweza kumtambulisha mvaaji kuwa ni wa mji fulani. Mwaka 2016 wafumaji wa Kimaya walikwenda hadi Mahakama ya Katiba kudai sheria ya kulinda nakshi hizo dhidi ya wanaozinakili kibiashara, nami sioni kwa nini wataalamu wa namna hiyo wasilipwe ada ya ualimu.

Vilevile, wanafunzi hufundishwa Kihispania pekee kabla ya kuondoka, ilhali Guatemala ina lugha 22 za Kimaya. Atakayelala katika nyumba ya Watz'utujil afundishwe walau kusalimia na kushukuru kwa lugha yao. Aelezwe pia habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika mwaka 1996, ambavyo kwa mujibu wa tume ya ukweli viliua watu au kuwafanya watoweke, jumla yao zaidi ya 200,000, na asilimia 83 ya waathirika waliotambuliwa walikuwa Wamaya, ili asije akamuuliza bibi wa nyumba, mezani, mume wake yuko wapi. Na ajq'ij, mtunza kalenda ya siku 260, anapofanya ibada yake, kamera ziwekwe chini mpaka mwenyewe aruhusu.

Naviomba vyuo viwaeleze wazazi, kabla hatujalipa, ni kiasi gani cha fedha zetu kinachowafikia wanawake hao.

Mzazi,
Minnesota, Marekani